Herufi za Ukutani: Shajara ya Mradi, Jinja, Uganda

Jumatatu, 3 Februari 2025

Muhula umefunguliwa leo. Wanafunzi wangu wa usanifu wa michoro, mwaka wa pili, ni 22, na nimewapa kazi ambayo nami nitaifanya pamoja nao mpaka Aprili. Kila siku, kabla ya kugusa kompyuta, kila mtu atafute njiani kitu kimoja kilichomfanya asimame, akichore kwa kalamu kwenye daftari. Kupiga picha hakuruhusiwi. Mwisho wa muhula kila mmoja, au kikundi, kitoe kazi moja iliyozaliwa na daftari hilo.

Chanzo ni mabango ya muhula uliopita. Niliwapa tangazo la maziwa. Kijana mmoja wa Mbarara, aliyekulia kati ya ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu kama matao, aliniletea ng'ombe wa madoa meusi amesimama mbele ya kinu cha upepo. Nilipomwuliza kile kinu kinafanya nini pale, alijibu kwamba ndivyo picha zilivyokuja alipotafuta kwenye intaneti. Jibu hilo lilinikaa moyoni likizo nzima. Kijana ana jicho zuri na mkono mwepesi. Kosa ni langu, maana sikuwahi kumfundisha pa kutazama.

Alhamisi, 6 Februari

Nakaa Walukuba, nafundisha mjini, na njia hiyo naitembea kwa miguu. Daftari langu mpaka sasa lina ukanda wa miraba ya buluu unaozunguka taksi zetu nyeupe, mukene, dagaa wa ziwani, walioanikwa kule Masese hadi ardhi ikang'aa kama bati, na kichwa kilichochorwa kwenye mlango wa kinyozi, nusu kimenyolewa na nusu bado. Nimefurahi kuchora. Mkono ulikuwa umeanza kukakamaa kwa kushika kipanya cha kompyuta.

Jumanne, 11 Februari

Leo tumepanga madaftari yote mezani. Michoro ni mizuri. Kuna mkungu wa matooke uliofungwa nyuma ya baiskeli ambao ningeutundika nyumbani kwangu. Kisha binti mmoja wa Kasese akainua mkono: "Mwalimu, nimekichora. Sasa nikifanyie nini?"

Sikuwa na jibu, na sikutaka kumpa la kubuni. Nilimwambia anipe siku mbili.

Nimerudi nyumbani nikiliwaza swali lile. Nikiangalia michoro yangu mwenyewe, naona nimefanya kama mtu anayeokota mawe mtoni: yanang'aa yakiwa na maji, yakikauka kwenye kabati yote yanafanana. Ukanda wa taksi nimeuchora, lakini sijui kwa nini ni miraba badala ya mstari mzima. Mukene nimewachora bila kumwuliza mama anayewaanika kwa nini anawatandaza vile na si vinginevyo.

Jumatano, 12 Februari

Asubuhi nimesimama kwa kijana anayeuza rolex, mayai yaliyokunjwa ndani ya chapati, karibu na kona yetu. Nimemnunulia kwa miaka miwili bila kuitazama meza yake. Mayai yako kushoto, kwa sababu anayavunja kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukigeuza chapati. Kabichi iko karibu kabisa, ndiyo inayoguswa mara nyingi. Nyanya na vitunguu viko nyuma yake. Chumvi iko mbali, nyuma ya kikaango, na nilipomwuliza sababu akasema: "Chumvi ikiwa karibu, mkono unaizoea. Chakula kinaharibika."

Nimeandika sentensi hiyo kubwa kwenye ukurasa mzima. Ni somo la mpangilio ambalo nimejaribu kulifundisha kwa miaka: kinachotumika sana kiwekwe karibu, na kile ambacho kikizidi kinaharibu, kiwekwe mahali ambapo mkono utafikiri kabla ya kukifikia. Vitufe vya simu navyo vingefaa kupangwa kwa fikra hiyohiyo, kile cha kufuta kikitengwa mbali na kile cha kutuma.

Darasani nimebadilisha sheria. Kuanzia leo kila mchoro uwe na sentensi moja kutoka kinywani mwa aliyetengeneza kile kitu, au anayekitumia, inayojibu: hiki kinatatua shida gani? Bila sentensi hiyo, mchoro hauhesabiwi. Walinung'unika kidogo, hasa wale wenye haya. Najua ni vigumu kumkaribia mtu usiyemjua ukiwa na daftari mkononi. Nimewaambia waanze kwa kununua kitu.

Jumamosi, 15 Februari

Leo ndiyo siku niliyoingoja bila kujua naingoja.

Main Street, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, mzee amepanda ngazi ya mbao anaandika jina la duka ukutani kwa brashi. Nilidhani ufundi huo umekwisha Jinja. Mabango mengi siku hizi ni plastiki iliyochapwa, hupauka kabla ya mwaka kuisha na kupasuka kwa upepo wa ziwani. Nikamsogelea.

"Habari ya kazi, Mzee?"

"Nzuri, mama. Usinizibie mwanga."

Nikahama, nikakaa kwenye ukingo wa veranda kwa saa tatu. Sikuwa nimepanga.

Kiswahili chake ni kile cha reli. Aliingia kazini akiwa kijana, enzi za East African Railways, akiandika namba ubavuni mwa mabehewa. Wenzake walikuwa Wajaluo, Waluhya, Wasoga, Wahindi, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa moja. Shirika lilipovunjika mwaka 1977 alibaki na brashi tatu na mkono uliojua namba vizuri kuliko herufi. Herufi, anasema, alijifunza kwa njaa.

Nimeandika alivyofanya, hatua kwa hatua, kwa sababu sitaki lipotee hata moja.

Kwanza alihesabu. Jina lina herufi 17 na ukuta una hatua zake tano. Ila hakuhesabu herufi kama mtoto wa shule anavyohesabu. "I ni nusu mtu. M ni mtu na mzigo wake." Kwa hiyo I ilipewa nusu ya nafasi, M na W moja na nusu, nyingine moja moja. Kisha akatafuta katikati ya jina kwa hesabu hiyo, akaweka alama ya chaki katikati ya ukuta.

Pili, uzi. Alipaka uzi wa pamba unga wa chaki, mjukuu wake akashika ncha moja, yeye nyingine, wakauvuta hadi ukakaza, akauchapa kwa vidole: pah! Mstari mnyoofu ukabaki ukutani. Wa juu na wa chini. Rula haikuhitajika.

Tatu, na hapa ndipo moyo ulinidunda, alipofika kwenye O akaivusha mstari. Ilipita uzi wa juu kidogo na uzi wa chini kidogo, kiasi cha unene wa kucha. Nikamwuliza kama ameteleza.

"Nikiiacha ndani ya uzi utaiona ndogo. Kitu cha mviringo kinamdanganya mtu. Lazima ukipe zaidi ndipo kiwe sawa."

Hilo nalifundisha kila mwaka. Nalichora ubaoni, naeleza kwamba umbo la mviringo linagusa mstari kwa nukta moja tu, ndiyo maana jicho huliona limepungua, na wanafunzi hulinakili kwenye madaftari kama amri. Mzee huyu hakuisoma popote. Ukuta ndio uliomwambia.

Nikamwuliza pia kwa nini herufi zake ni nyembamba na ndefu. Nilidhani ni mtindo wake anaoupenda. Akanielekeza kwa brashi barabarani: "Anayesoma yuko juu ya boda. Akipita amepita. Nikipunguza urefu hasomi. Ukuta haunenepi, basi nabana herufi, sizifupishi."

Kumbe umbo lote lile, ambalo mimi ningeliita mtindo wa zamani wa Jinja na kuliiga kwa urembo, ni jibu la boda boda na ukuta mfupi.

Jumatano, 19 Februari

Darasa la nguo ya gome. Nilileta kipande cha olubugo nilichonunua Kampala, nikakipitisha mezani bila maelezo, nikawaomba waniambie kimetengenezwa kwa chombo gani. Walipoweka karatasi juu yake na kusugua kwa penseli, mifereji myembamba ilijitokeza, sambamba, ikikatana mahali pengine. Mmoja akasema: kimepigwa na kitu chenye meno.

Ni kweli. Gome la ndani la mti wa mutuba huvunwa wakati wa mvua, kisha hupigwa kwa nyundo za mti za aina mbalimbali, na kila aina huacha alama yake, mpaka gome lilainike na rangi yake ya udongo mwekundu ienee sawasawa. Mafundi hufanya kazi kwenye kibanda kilicho wazi ili gome lisikauke upesi. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huu wa Baganda kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu. Niliposoma Makerere, kwenye shule yenye jina la Margaret Trowell aliyeanza kufundisha sanaa pale mwaka 1937, olubugo ulikuwa kitu cha kuchora juu yake. Sikumbuki kama niliwahi kuusoma wenyewe.

Kipande chetu kina tundu, na tundu limezibwa kwa kiraka kilichoshonwa kwa mshono mnene unaoonekana. Tulikaa na kiraka hicho dakika ishirini. Fundi hakukificha. Wanafunzi wawili wameamua mradi wao uwe huo: vifungashio ambavyo sehemu vinapoungana haifichwi.

Ijumaa, 28 Februari

Naandika nikiwa na uchungu.

Kikundi kimoja kinachofundisha watoto kupiga ngoma kiliniomba bango. Neno lake kuu ni moja, ngoma kwa Luganda: EŊŊOMA, ambapo Ŋ ni sauti ya ng' kama katika ng'ombe. Nililiweka juu kabisa, urefu wa sentimita tisa, nikalifurahia kwa sababu hizo Ŋ mbili zikikaa pamoja zinafanana na watu wawili walioinamia ngoma moja. Nikatuma faili Kampala, Nasser Road. Mtaa ule ni shule tosha kwa mtu wa kazi yetu: mashine za ofseti zinanguruma kwenye vyumba vya chini, vijana wanapita na rimu za karatasi kichwani, gilotini zinakata, na kila mlango una msanifu aliyekaa kwenye nafasi ya upana wa meza akitengeneza kadi za harusi, kalenda na mabango ya siasa. Napenda kwenda mwenyewe. Safari hii sikwenda, nilikuwa na darasa.

Mabango 200 yamefika leo kwa basi. Juu kabisa, kwa sentimita tisa, yameandikwa E, visanduku viwili vitupu, kisha OMA.

Fonti yangu, yaani faili la maumbo ya herufi nilizotumia, haikuwamo kwenye kompyuta yao. Programu ikachukua nyingine, na hiyo nyingine haina Ŋ. Nilipaswa kugeuza maandishi kuwa michoro kabla ya kutuma, jambo ninalowafundisha wanafunzi wiki ya kwanza, na sikulifanya kwa haraka. Gharama ya kuchapa upya ni yangu na nimeikubali. Kilichoniuma ni jibu la simuni. Kijana wa pale wanapochapa alisema kwa upole kabisa, akinisaidia: "Kwani usiandike ng tu? Watu wataelewa."

Wataelewa, ndiyo. Lakini watoto wale wanafundishwa ŋ shuleni, halafu wakitoka nje hawaikuti popote. Nimetembea Main Street jioni hii nikiitafuta. Maduka yanayouza eŋŋaano, yaani ngano, yameandika engano, eng'ano, enngano. Waswahili tulikwisha kumaliza shida hii kwa alama ndogo ya juu, tunaandika ng'ombe na ng'oa na hakuna mashine inayotukwaza. Luganda ilichagua herufi kamili, na tahajia yake imesanifiwa tangu 1947. Tatizo haliko kwenye lugha. Ni sisi wasanifu tuliokubali visanduku vitupu.

Kesho huenda Ramadhani ikaanza, mwezi ukionekana. Nitalala mapema.

Jumanne, 4 Machi

Nimewaonyesha wanafunzi bango lililoharibika, nikalibandika ubaoni bila kusema neno. Kimya. Kisha mmoja, Mganda, akalisoma kwa sauti kama lilivyo, akiacha pengo mahali pa visanduku, na darasa zima likaelewa.

Tumeamua pamoja. Wanafunzi tisa wataacha miradi yao binafsi na tutatengeneza fonti moja ya mabango, kwa mkono wa Mzee, yenye kila kitu anachohitaji mtu wa Jinja kuandika jina la duka lake kwa Luganda, Lusoga, Kiswahili au Kiingereza. Katika Unicode, orodha inayoipa kila herufi ya dunia namba yake, Ŋ kubwa ni 014A na ndogo ni 014B. Nafasi ipo. Kinachokosekana ni watu wa kuijaza.

Mzee amekubali. Alitaka kujua jambo moja tu: kama herufi zikiingia kwenye kompyuta, watu watamwacha? Nikamwambia ukweli, kwamba baadhi wataitumia bila yeye. Tukakubaliana kwamba darasa linamlipa kwa kila siku anayochora, na jina lake litakaa ndani ya faili la fonti, kwa idhini yake, mahali pa mchoraji. Aliomba siku moja ya kufikiri na mkewe. Leo amejibu ndiyo.

Jumamosi, 8 Machi

Amechora Ŋ.

Kuna njia mbili za kuandika ile kubwa. Moja ni N ya kawaida iliyopewa mkia. Ndiyo Wasami wa kaskazini mwa Ulaya huipendelea. Nyingine ni n ndogo iliyokuzwa na mkia wake, ndiyo iliyozoeleka kwenye lugha za Afrika. Sikumwambia lolote. Nilimpa ubao na rangi.

Akachora ya pili, bila kusita, na mkia akaukunja ndani ukaishia juu ya uzi wa chini. "Mkia ukishuka chini ya uzi, mstari wa pili wa bango unapata taabu. Namba ya simu inakaa hapo." Aliwahi kuiandika hivyo, akakumbuka, kwenye ukuta wa kinu cha kusaga miaka mingi iliyopita. Kinu kimebomolewa.

Alhamisi, 13 Machi

Kazi ya kompyuta imeanza, kwa FontForge, programu ya kutengenezea fonti, ambayo ni bure na inafunguka hata kwenye mashine zetu kuukuu. Ubao wa Mzee tunaupiga picha kwa mwanga wa asubuhi (hapa picha inaruhusiwa), tunaiweka chini, tunafuata kingo zake. Kipimo cha fonti ni vizio 1000, herufi kubwa zina urefu wa 700, na O yake, tulipoipima, inavuka 13 juu na 13 chini. Ile kucha ya Mzee sasa ina namba.

Jambo ambalo sikulitarajia: nafasi kati ya herufi imegeuka kuwa kazi kubwa kuliko herufi zenyewe. Maelekezo tunayoyasoma hujaribu fonti kwa maneno ya Kiingereza. Sisi tunaandika vingine. Luganda inapenda herufi pacha: ssukaali, eddagala, ebbeeyi. Herufi mbili zinazofanana zikisimama bega kwa bega, kasoro yoyote ya nafasi inaonekana mara mbili, na matumbo ya bb yakikaribiana mno yanakuwa doa jeusi. Lusoga inaleta dh kila mahali, kodheyo ukimkaribisha mtu, na milingoti ya d na h ikisimama pamoja huonekana kama mlango. Kiswahili chetu kina a nyingi kuliko herufi nyingine yoyote, na kw, na aw. Andika "wakwe wa kaka" kwa fonti ya kawaida uone mashimo. K na w zote zina mistari ya mshazari, kila moja inaikimbia nyingine.

Kwa hiyo binti wa Kasese ametunga karatasi ya majaribio ya maneno 60 kutoka lugha nne, yote ni maneno ya mabango: maziwa, dawa, kinyozi, fundi, amata, ebbeeyi. Hakutumwa. Swali lake la Februari amelijibu mwenyewe.

Alhamisi, 20 Machi

Siku ya usiku na mchana kuwa sawa, na Jinja tuko chini ya nusu nyuzi kutoka ikweta. Nilikuwa nimeisubiri tarehe hii kwa ajili ya kuta za zamani za Main Street, zile za wafanyabiashara wa Kihindi, ambazo juu yake zina majina na miaka ya kujengwa iliyofinyangwa kwa saruji. Wenyewe wengi waliondoka mwaka 1972 walipofukuzwa. Majina yalibaki. Ukuta na herufi vimepakwa rangi moja mara nyingi hata asubuhi ya mawingu huzioni kabisa.

Tulifika karibu saa saba mchana. Kwa saa ya simu jua letu hukaa utosini wakati huo, si saa sita, kwa kuwa tuko magharibi mwa mstari unaotupa saa za Afrika Mashariki. Mwanga ulishuka ukikwaruza ukuta, na herufi zikatoka. Mistari ya kulala ilitupa vivuli virefu chini yake: E ilikuwa na vidole vitatu vyeusi. Mistari iliyosimama ilipotea. I haikuwepo. H ilikuwa kimstari kimoja kinachoelea.

Aliyefinyanga aliyajua haya. Mistari yake ya kusimama ameichongea ukingo mlalo kichwani na mguuni, na ukingo huo unatupa kivuli kidogo kinachosema hapa pana I. Nimewahi kuwafundisha wanafunzi kwamba miguu ile ya herufi ni urithi wa patasi za Warumi. Hapa, kwenye ukuta huu, inafanya kazi ya jua. Nilikaa chini barabarani kuichora, nimefunga na kiu imenishika, na sikutaka kuondoka.

Jumatatu, 24 Machi

Umeme hakuna. Tumekata Ŋ kwa karatasi ngumu.

Ijumaa, 4 Aprili

Wiki ya Idi imepita. Shangazi alikuja kutoka Busia na leso tatu, na moja nimeining'iniza darasani, kwa sababu tumekwama kwenye karatasi ya kuitambulisha fonti. Wanafunzi waliijaza kila kona. Herufi zote, ukubwa wote, maelezo pande zote, jicho halina pa kutua.

Nikawauliza leso ina sehemu ngapi. Waganda darasani huiita leesu na mama zao wote wanayo, lakini hakuna aliyewahi kuihesabu. Pindo linazunguka pande nne. Mji uko katikati. Jina, yale maneno, limekaa ndani ya mji karibu na pindo la chini, mstari mmoja, ili nguo ikifungwa kiunoni lisomeke. Kitu kimoja kikubwa, mpaka unaokilinda, na sentensi moja mahali mwili utakapoionyesha.

Tukafuta yote. Sasa katikati kuna Ŋ moja, urefu wa kiganja na nusu. Pindo ni herufi zote nyingine, ndogo, zikizunguka. Chini kuna mstari mmoja: maneno sita ya mabango kutoka lugha nne. Shangazi aliiona jioni, akauliza leso hiyo inauzwa wapi.

Alhamisi, 10 Aprili

Nasser Road, safari hii mimi mwenyewe, na maandishi yote yamegeuzwa michoro. Karatasi ya A2, gramu 150, isiyong'aa. Nilimpelekea yule kijana wa simu fonti yenyewe pia, kwenye diski, akaiweka kwenye kompyuta yake na kuandika ŋ mara kumi mfululizo. Akaniita nije kuiona.

Jioni nimempelekea Mzee nakala ya kwanza. Hakuisoma karibu. Alimpa mjukuu aishike kwenye ukuta wa duka, akavuka barabara, akageuka, akaitazama kutoka upande wa pili huku boda zikipita kati yetu. Akarudi polepole.

Ŋ ameikubali. O ameikubali. Kisha akaweka kidole kwenye W.

"Hii si yangu."

Alikuwa sahihi. Mwanafunzi mmoja, muda ukimbana, aliigeuza M juu chini. M ya Mzee ina miguu iliyosimama wima, W yake inafunguka kama mikono ya mtu anayepokea mzigo, nami nilikuwa nimeipitisha bila kuiona. Aliomba chaki. Akainama, akaichora kwenye saruji ya veranda, kubwa, kwa mipigo minne, na kucha ya ziada kwenye ncha za chini.

Nimeinakili kabla mvua haijafika. Zimebaki W hiyo, 3 na 8.